Leo Hakipandwi Chombo

Mjomba wangu, ndugu yake mama wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa akitangaza misiba upande wetu wa Likoni. Riziki yake aliipata kwa kuezeka makuti. Kazi ya kutangaza hakulipwa na mtu. Aliirithi kwa babu yake pamoja na fimbo. Mtu akifariki, wafiwa walimtuma mjomba, naye akatoka baada ya sala ya alfajiri akapita njia zote, kuanzia nyuma ya Bofu tulikokaa sisi mpaka karibu na feri, akisimama kila penye njia panda. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya kifuani, nzito, na iliingia nyumbani kwa watu bila hodi. Alisema kwanza kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Akamtaja marehemu, akataja wakati wa maziko, na mwisho akafunga kwa maneno yaleyale aliyofungia babu yake: "Leo hapandwi mnyama, hakipandwi chombo. Tumsindikize kwa miguu."

Maneno hayo yalikuwa ya zama za punda. Kwetu ilikuwa ni utovu wa adabu mtu kukaa juu ya kipando akiwapita wenzake waliobeba jeneza mabegani. Na hata baada ya maziko, watu wa mtaa waliendelea kwenda kwa miguu mpaka matanga yaanuliwe. Hapo wafiwa walimtuma tena mjomba, naye akapita njia zilezile akisema: "Matanga yameanuliwa. Kila mtu na shughuli zake." Akishasema hivyo, maombolezo yamekwisha, na mwenye punda wake au baiskeli yake akapanda.

Ninaandika haya nikiwa na miaka arobaini na ushei, katika chumba cha kupanga mjini Mwanza. Kabla ya hapa nilikuwa Tanga, na kabla ya Tanga nilikaa Kigoma, na kabla ya hapo hata kukumbuka kunanichosha. Sijui ninatafuta nini. Ninachojua ni kwamba kila nipandapo basi macho yangu huenda kwanza kwenye viti vya mbele, nione nani amekaa.

Katika miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru, basi la upande wetu lilikuwa la kampuni moja tu. Lilitoka feri likapita Bofu likaenda kusini mpaka mashambani, na kurudi. Nyuma ya dereva palikuwa na viti vyenye mito ya ngozi, na baada ya viti hivyo palipigwa bomba la chuma kutoka ubavu mmoja wa basi mpaka wa pili. Nyuma ya bomba yalikuwa mabao matupu ya kukalia. Sisi tulikaa kwenye mabao. Tikiti ya mbele haikuuzwa na kondakta; ilibidi uifuate ofisini kwao kisiwani, ng'ambo ya feri, na huko walikutazama kwanza ngozi yako, kisha nguo zako, kisha viatu vyako, ndipo wakakwambia zimekwisha. Wazungu wa upande wetu walikuwa wachache na wote walikuwa na motokaa. Kwa hiyo viti vile vilikwenda vitupu asubuhi na vikarudi vitupu jioni, vikipanguswa vumbi kila siku.

Bibi yangu, mama yake baba, aliugua miguu. Ilivimba ikawa kama magogo. Siku moja mama alimpeleka hospitali kisiwani, na wakati wa kurudi basi lilikuwa limejaa nyuma. Mama alimwomba kondakta amweke mgonjwa mbele. Kondakta alikuwa kijana wetu wa Likoni, alimjua bibi tangu utotoni.

"Bibi, wallahi ningekukalisha kichwani pangu," akasema, "lakini mkaguzi wa tikiti hupandia pale mbele kidogo. Akikuona hapo, kesho mimi sina kazi."

Basi bibi akatandikiwa gunia sakafuni, kati ya matenga ya kuku, akashikilia bomba lile la chuma njia nzima. Hakulalamika. Mama alitusimulia kwamba aliuliza kitu kimoja tu, na wala hakumuuliza mtu maalumu: "Viti vile vinamngoja nani?"

Neno hilo lilienea. Barazani, visimani, ndani ya feri, watu waliambiana: viti vile vinamngoja nani? Na kila mtu alijua dawa yake. Tulikuwa tumesikia kwamba kwengineko watu wamesusia mabasi, wamesusia pombe, wamesusia maduka. Lakini tulikuwa tumesikia pia onyo la serikali kwenye redio: kuwaambia watu wasusie ni kosa, na mwenye kusema atashitakiwa. Ikawa kitu cha ajabu. Mtaa mzima ulitaka jambo moja na hapakuwa na hata mmoja wa kulitamka. Wazee walikaa barazani wakitazamana.

"Mimi sisemi kitu," mmoja angesema.

"Nani amekuuliza?"

"Nasema tu kwamba sisemi."

"Basi sema kidogokidogo, yule aliyekaa pale kwenye kahawa simjui."

Wakacheka, na asubuhi yake wakapanda basi, wakakaa kwenye mabao.

Bibi hakukaa sana baada ya safari ile. Alifariki alfajiri moja, kabla mvua za masika hazijaanza sawasawa. Baba, aliyekuwa kuli bandarini Kilindini, mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno, alikaa kizingitini akiwa ameshika kanga ya mama yake. Akamtuma shemeji yake, yaani mjomba. Mjomba akachukua fimbo akatoka.

Nilimsikia mwenyewe, nilikuwa nikienda kuwaita wachimba kaburi. Alisimama penye njia panda ya Bofu, mahali basi linaposimama, na watu wa kazini walikuwa wamekwisha jipanga. Akamtaja bibi. Akataja maziko baada ya adhuhuri. Kisha akasema: "Leo hapandwi mnyama, hakipandwi chombo. Tumsindikize kwa miguu."

Basi likaja. Likasimama. Hakuna aliyepanda. Watu waligeuka wakashika njia kwa miguu, wengine kuelekea kwetu msibani, wengine kuelekea feri, ambayo haikuhesabiwa, maana bahari haivukwi kwa miguu. Kondakta alichungulia mlangoni, akatazama mgongo wa mjomba ukienda zake, akavua kofia.

Yule wa kwenye kahawa kumbe alikuwa askari kanzu. Alikuwa mtu wa bara, hakuwa na muda mrefu Pwani. Simlaumu. Mtu amesimama kituo cha basi, amesema chombo kisipandwe, na watu wote hawakupanda. Ungekuwa wewe ungeandika nini? Tulipotoka makaburini, mchanga bado uko mikononi, walikuwa wakimngoja mjomba na gari lao. Akaulizwa kama ni yeye aliyewaambia watu wasipande basi.

"Mimi nimetangaza msiba," akasema.

"Ulisema chombo kisipandwe?"

"Nilisema."

Wakampandisha. Mtu mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Huyo sasa ndiye pekee aliyepanda chombo leo," lakini hakuna aliyecheka.

Sasa ndipo lilipotokea jambo ambalo serikali haikulitazamia, na sisi pia hatukulitazamia. Khitma ikasomwa, wageni wa mbali wakaanza kwenda zao, na wakati wa kuanua matanga ukafika. Lakini mwenye kutangaza yumo rumande. Hapakuwa na mtu mwengine. Mjomba hakuwa na mtoto wa kiume wa kumrithi, na mfiwa kwetu hajitangazii. Asubuhi basi likaja Bofu, watu wakalitazama, wakaulizana: "Matanga yameanuliwa?"

"Hatujasikia."

"Basi hatujasikia."

Wakaenda kwa miguu. Na kesho yake, na wiki iliyofuata. Hakuna aliyemwambia mwenzake asipande. Kila mtu alikuwa katika matanga ya bibi yangu, hata watu ambao hawakupata kumwona maisha yao.

Wengi wamenisifia siku zile, kwamba lazima zilikuwa tamu. Mimi nakumbuka kuchoka. Nilikuwa karani msaidizi katika ghala moja kisiwani, nimemaliza shule ya sekondari si muda mrefu, na viatu vyangu vilikuwa ni vile vimoja vya kazini. Kutoka kwetu nyuma ya Bofu mpaka feri ilikuwa karibu saa nzima ya mwendo. Asubuhi si kitu, watu wana nguvu, wanasalimiana: "Umeamkaje?" "Kwa miguu!" Lakini jioni, jua limekupiga, umesimama kwenye feri kwa kuwa hakuna nafasi ya kukaa, halafu unateremka na kuiona ile njia imenyooka mbele yako. Mvua zilipoanza, udongo ulishika viatu. Nilivivua nikavibeba mkononi. Baba alikuwa amebeba magunia bandarini tangu asubuhi, naye alitembea kando yangu, na nilisikia goti lake likilia kila hatua.

Basi lilitupita taratibu, tupu, na kondakta akining'inia mlangoni.

"Pandeni jamani! Nitawabeba kama mayai!"

"Tumefiwa, ndugu yetu!"

"Na mimi je? Tazameni gari langu, jeneza lina watu zaidi!"

Wanawake walicheka mpaka wakaweka vikapu chini. Kisha wakavibeba tena, maana njia ilikuwa bado iko palepale.

Mama hakucheka. Kila baada ya siku chache alivuka na chakula cha ndugu yake, na kila akirudi alikuwa mdogo zaidi. Mjomba alikuwa na pumu, na kule ndani walilala kwenye saruji. Alianza kukohoa. "Sauti yake imekwenda," mama alituambia. "Amenisalimu sikumsikia."

Nilikwenda na mama kwa wakili, kijana wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia kisiwani, aliyezungumza Kiswahili chetu kwa mapozi yake yote. Alituagizia chai, akatueleza sheria kama anayeomba radhi.

"Mama, mtu kutopanda basi si kosa. Ni hiari yake. Watu mia wasipopanda, kila mmoja kwa hiari yake, si kosa pia. Lakini akitokea mtu akawaambia wenziwe, jamani tusipande, na serikali imekwisha kataza kususia huko, basi huyo amevunja sheria."

"Kumbe miguu haina kosa," mama akasema.

"Haina."

"Kosa ni mdomo."

"Ndiyo, mama. Kosa ni mdomo."

Mama akaweka kikombe chini. "Na sisi mtaa mzima tuna mdomo mmoja tu. Na huo mmewapa."

Wakili hakuwa amempa mtu chochote, lakini hakujitetea.

Baada ya hapo alikuja inspekta wa polisi, Mzungu wa makamo aliyejua Kiswahili cha amri na alikuwa akijitahidi siku hiyo kukifanya cha adabu. Alikaribishwa kiti barazani. Alikwisha kuelewa mambo ya matanga, nafikiri baada ya kuulizauliza. Akamwambia baba kwamba kama watu watatangaziwa kuwa maombolezo yamekwisha, basi, kwa maoni yake, kesi inaweza kutazamwa kwa jicho jengine.

"Sawa," baba akasema. "Anayetangaza mnaye ninyi."

"Tangaza wewe."

"Mimi ndiye mfiwa. Kwetu mfiwa hajitangazii."

"Atangaze mtu mwengine yeyote."

"Mtu mwengine akisimama njia panda akawaambia watu habari za basi," baba akauliza, na hakuwa akifanya mzaha, "hamtamshika?"

Inspekta alitazama kofia yake. Akaaga vizuri, akaenda zake.

Alipoondoka tu mama alitoka ndani. Sikupata kumwona mama akimkabili baba kabla ya siku ile, wala baadaye.

"Ndugu yangu yuwafa mle ndani, na weye wakaa hapa wampa Mzungu mafumbo."

"Sikumpa fumbo. Nimemwambia kweli."

"Kweli ni kwamba mamako amezikwa, khitma imesomwa, Mungu amrehemu. Matanga gani yaliyobaki? Hata sheikh amesema msikitini. Tuma mtu. Sema yamekwisha, ndugu yangu arudi."

Baba alinyoosha goti lake taratibu. Kisha akasema, "Nikisema yamekwisha, kesho watapanda."

"Nao wapande! Wamechoka. Weye huchoki? Goti lako nalikanda mimi kila siku, si hao."

"Nimechoka," baba akasema.

"Basi?"

"Alikaa sakafuni," baba akasema. "Na viti vitupu."

Mama akageuka akaingia ndani. Nami nilibaki barazani nikijua kwamba wote wawili wana haki, na kwamba ningependa yeyote kati yao ashinde ili mambo yaishe. Ndivyo ilivyokuwa mtaani pia. Watu walimsalimu baba kwa heshima kuliko zamani, wakimtazama usoni kama wanaotafuta ruhusa. Hakuna aliyeomba. Lakini nilianza kusikia: "Maskini yule mtangazaji, angeachiwa." Na nilijua huruma ile ilikuwa nusu kwa mjomba na nusu kwa nyayo zao wenyewe.

Usiku wa kuamkia kesi sikulala vizuri, na asubuhi tulivuka pamoja, baba, mama na mimi, na nusu ya Likoni nyuma yetu, wote kwa miguu mpaka feri na kwa miguu tena kutoka feri mpaka mahakamani. Ukumbi ulijaa, waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Mjomba akaletwa. Kanzu ilimning'inia. Alipoitwa jina aliitikia "Labeka," kama anayeitwa na mkubwa wake nyumbani, na ile labeka haikufika hata kwenye benchi letu.

Askari kanzu alisema aliyoyaona, na hakuongeza chumvi. Wakili akamuuliza kama amewahi kusikia tangazo la msiba upande wa Likoni kabla ya siku hiyo. Hajawahi. Kama anajua kwamba maneno yale hutamkwa katika kila msiba. Hajui. Wazee wawili wakapanda kizimbani wakaapa kwamba maneno ni ya tangu na tangu. Hakimu, Mzungu mzee mwenye uso wa mtu anayetamani kwenda kupumzika, alisikiliza huku akijipepea kwa karatasi. Mkalimani alikuwa Mswahili wa kisiwani aliyejipenda sana. Kila neno la hakimu alilitoa kwa sauti kubwa na kwa ufasaha kuliko lilivyokuja.

Kisha hakimu akauliza: kama maneno ni ya msiba, mbona msiba hauishi? Nani mwenye kuumaliza?

Wakili akamwita baba.

Alikuwa amemfundisha la kujibu. Sote tulilijua. Aseme tu kwamba matanga yamekwisha. Hapo itaonekana kwamba msiba ulikuwa msiba kweli na maneno yalikuwa ya msiba, na mjomba atatoka. Mama alikuwa ameshika ncha ya buibui lake mdomoni. Baba alisimama kizimbani na mikono yake mikubwa juu ya ule ubao, akamtazama shemeji yake. Mjomba alikohoa. Hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alikohoa tu, kikohozi kirefu, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Matanga ya mama yako yamekwisha?" wakili akauliza.

"Yamekwisha," baba akasema.

Watu ukumbini walishusha pumzi. Sikujua ilikuwa pumzi ya nini. Mimi mwenyewe nilishusha yangu.

Mwendesha mashtaka akainuka haraka. "Kwa hiyo sasa watu watapanda basi?"

"Waulize watu."

"Wewe je? Kesho utapanda basi?"

Baba hakujibu. Mwendesha mashtaka akauliza tena, kwa sauti kali zaidi. Wakili akasimama akasema kwamba swali hilo halina msingi katika sheria. Wakabishana kwa Kiingereza, na hakimu, aliyekuwa amechoka kuliko sisi sote, akainua mkono. Alisema maneno machache tu, kwa kuchukia kupotezewa wakati. Mkalimani akajiweka sawa, akakohoa kidogo kusafisha koo, akautazama ukumbi uliojaa na madirisha yaliyojaa, akatangaza:

"Mheshimiwa hakimu anasema shahidi halazimiki kujibu. Anasema hakuna sheria katika nchi hii inayomlazimisha mtu kupanda basi kama hataki!"

Wakili aliinamisha uso kwenye makaratasi yake. Nilimwona mwendesha mashtaka akifumba macho. Maneno ambayo mtaa mzima uliogopa kuyatamka kwa miezi yalikuwa yametamkwa na mahakama yenyewe, kwa sauti ya kupendeza, na hapakuwa na wa kumshika.

Mjomba aliachiwa, lakini kwa sharti. Ilibidi aweke dole gumba kwenye karatasi kwamba hatasema tena hadharani maneno ya kuwazuia watu kupanda chombo chochote, iwe msibani au pengine. Wakili akamweleza kwamba asipokubali kesi itaendelea na yeye atarudi rumande. Mjomba alilitazama lile dole likipakwa wino kana kwamba ni la mtu mwengine. Akalikandamiza.

Jioni ile ile baba alimtuma. Mjomba akapita njia zake na fimbo, nami nilifuatana naye kumshika mkono kwenye matope. Sauti ilikuwa kama ya mlango mkavu. "Matanga yameanuliwa. Kila mtu na shughuli zake." Watu walitoka barazani wakamshukuru Mungu kwa kurudi kwake.

Asubuhi basi likaja Bofu. Watu walikuwa wamejipanga. Mlango ukafunguliwa, kondakta akangoja. Hapo baba alipita nyuma ya mstari, hakumtazama mtu, akashika njia ya feri kwa mwendo wake wa goti bovu. Mwanamke mmoja akainua kikapu chake akamfuata. Kisha wengine. Walioona haja ya kupanda walipanda, na hawakutukanwa. Wazee barazani waliulizana kwa sauti kubwa, ili yeyote asikie, "Hakimu alisemaje vile?" na wenzao wakajibu, "Alisema halazimiki!"

Iliendelea hivyo, ikipungua. Ninataka kusema ukweli: ilipungua. Mwenye mtoto mgonjwa alipanda, mwenye mimba alipanda, kisha mwenye kuchelewa, kisha mwenye kuchoka tu. Mvua zilipokatika wengi walikuwa wamerudi kwenye mabao, na mimi nilikuwa nimehamia kisiwani karibu na kazi, mwanzo wa kuhamahama kwangu. Baba hakurudi. Hakumwambia mtu neno, hata sisi watoto wake. Na siku moja, Uhuru ukiwa umekaribia, basi lilikuja bila lile bomba la chuma. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno, vikabaki vishina viwili ubavuni. Hapakuwa na tangazo wala hotuba. Kondakta alisema tu, "Kaeni mpendapo," na watu wakaingia wakasimama kidogo, wasijue pa kukaa. Mama alimwendea baba kumpa habari. Baba akasema, "Vizuri," akaendelea kuosha miguu.

Baba alifariki miaka kadhaa baada ya Uhuru. Niliipata habari Tanga na nilifika asubuhi ya maziko. Nilipoteremka basi karibu na feri nikamwona mjomba penye njia panda, mzee sasa, ameegemea fimbo. Akasema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Akamtaja baba, akataja wakati wa maziko. Kisha akanyamaza. Nilingoja. Alikwisha kugeuka kwenda njia nyengine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Pole. Umekuja na nini?"

"Na basi. Mjomba, mbona hukumaliza?"

"Nimemaliza."

"Hukusema hakipandwi chombo. Kwa baba?"

Akanionyesha dole gumba. "Niliweka hili."

"Uliwawekea wale. Wale wamekwenda zao kwao."

"Wao wamekwenda," akasema. "Dole ninalo mimi."

Tukaenda pamoja mpaka njia panda nyengine, akatangaza, na pale pia akaishia palepale. Njiani, kwa kuwa sikujua kama nitamwona tena, nilimuuliza nililotaka kumuuliza miaka yote. Ile asubuhi ya bibi, pale kituoni, alitangaza msiba, au alitangaza jengine?

Mjomba alitembea kidogo. "Nilisema maneno ya kila siku," akasema. "Ila siku ile niliyasema polepole."

Baada ya adhuhuri tulimtoa baba. Walikuwepo watu wengi, na wengi walikuja na magari, watoto wa wale waliotembea. Hawakuwa na utovu wa adabu; hakuna aliyewaambia. Walitufuata taratibu, wengine wakatupita ili wawahi kuegesha karibu na makaburi, wakituinulia mkono madirishani. Vumbi lao lilitukalia. Sisi tuliobaki chini, mjomba, wazee wachache, na mimi na viatu vyangu vya safari, tulipokezana jeneza. Wabebaji walikuwa haba na baba alikuwa mtu mkubwa, kwa hiyo kila mmoja wetu alirudia bega mara nyingi, mpaka tukafika.